Bendera Ndani ya Mzinga

Unasikia, Levina? Ngo, ngo, ngo. Ni kamba inagonga mlingoti wa shule, usiku wote huu, aliyeshusha bendera jioni hakuifunga, na mimi nimelala hapa damu inanitoka, mimba ya miezi saba, nasikiliza uzembe wa watu. Usimwamshe mdogo wako Festo. Bibi yako Flavia kaenda kutafuta gari, baba yako yuko porini kwenye asali na simu haishiki, kwa hiyo ni wewe, una miaka kumi na moja, nisikilize.

Nilipokuwa kidato cha tatu, bendera ile nilikuwa naipandisha na kuishusha mimi. Tulikariri: kijani mimea, njano madini, buluu maji, nyeusi watu. Na sharti moja, isiguse chini. Sasa wewe ulikuwa tumboni, nimekuficha kwa sweta, na jioni moja wenzangu wameshaondoka uchungu ukanikamata palepale mlingotini. Nilianguka mimi, mwanangu. Bendera haikugusa chini, niliinyanyua juu hivi mpaka Mzee Mhoja, mlinzi, akaja mbio na mkewe, ukazaliwa kibandani kwao, na cha kukufunika hakikuwepo. Akakuzungushia ileile. Kichwa chako kililala kwenye ule weusi. Nikasema, kumbe watu wenyewe ndio huyu.

Asubuhi bendera haipo shuleni, nimeondoka nayo mimi. Mimi nilifukuzwa mbele ya shule nzima, eti nimelitia taifa aibu, hilo nimeshalizoea. Lakini Mzee Mhoja alipoulizwa alijibu, "Imepotea mikononi mwangu," basi, akaondolewa kazini kama mwizi, hakunitaja. Mpaka leo vijana wa kilabuni wanamwambia, "Mzee Mhoja, ile bendera umeshonea kaptula?" naye anacheka tu, na mimi napita na ndoo yangu, kimya! Niliogopa polisi, niliogopa watakuita mtoto wa bendera, kila mwaka nasema mwakani. Mwalimu wa historia alituambia babu zetu walipita njia hiihii na pembe za ndovu vichwani hadi pwani. Mimi nimeshindwa kufikisha kitambaa kwa Mzee Mhoja, nyumba ya tatu baada ya bani la kukaushia tumbaku!

Imo kwenye mzinga mkuukuu nyuma ya jiko, ule uliohamwa na nyuki. Nimeifua mara tatu, doa halitoki, usiifue tena. Nisiporudi, ifunge kwenye kanga yangu, usiiburuze, umpelekee. Piga goti, sema shikamoo babu, mama kasema hukuiba, na aliyefunikwa ni mimi. Wewe usimwambie mtu mwingine; akitaka kutangaza yeye, ni haki yake. Akitaka kuichoma, achome. Nikirudi tutaipeleka wote, kesho yake, sisubiri tena.

Kanga zangu zako, kuku wa Festo, jembe jipya mrudishie bibi yako, tuligombana kwa ajili yake bure tu. Festo usimpige. Shule usiache, hata wakikucheka, usiache. Mungu akutangulie kila unapokanyaga, mama yangu, wewe na mdogo wako.

Kesho mwambie mwalimu... wafunge ile kamba.

Hilo gari. Nipe mkono. Mbona mkono wako moto hivi... au wangu ndio baridi. Sema nikusikie. "Nitamwambia Mzee Mhoja." Eeh. Halafu? Sauti, mama, sikusikii... "Sitamwambia mtu mwingine."

Haya.