Neno Nililopewa Lusahunga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Na ninyi mliosimama nje dirishani kwa sababu mabenchi yamejaa, nawasalimu pia. Asifiwe sana!

Wengi mnanifahamu. Naitwa Editha, Mama Neema. Nimezaliwa Bukiriro, kule Ngara, nikaolewa hapa Bisibo. Kazi yangu ni afisa TEHAMA hospitalini, mjini Biharamulo. Kompyuta zikigoma, mimi ndiye ninayeitwa. Mume wangu, Sospeter, ni mkulima na mfugaji. Wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa bado mgongoni. Tuna mtoto mmoja tu, Neema, tuliyempata baada ya kusubiri hadi watu wakachoka kutuuliza. Na Neema ana pumu.

Ndugu zangu, ninavyosimama hapa, bado nimeshtuka. Msidhani mshtuko umekwisha kwa sababu nimevaa kitenge kizuri. Kuna wakati nikiwa nachota maji naacha ndoo inafurika, nimeduwaa, najiuliza: hivi haya yalinipata mimi kweli?

Mwaka jana ilikuja hospitalini timu kutoka kampuni kubwa ya ushauri wa teknolojia. Ni kampuni yenye ofisi Dar es Salaam na nchi nyingine nyingi. Walikuja kutufungia mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa. Kiongozi wao alikuwa dada mmoja, Zuhura. Tulifanya kazi pamoja, tukazoeana, tukawa tunakula mihogo ya kuchemsha kwenye meza moja. Siku ya kuondoka akaniambia, "Editha, kwetu kuna nafasi. Leta maombi, usiogope."

Nikapeleka. Wakanifanyia usaili kwa simu ya video, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha wakaniandikia: tunakuhitaji, tupe jibu.

Hapo ndipo mizani ilipoanza kupanda na kushuka moyoni mwangu! Upande mmoja, ajira ya serikali, ya kudumu, na pensheni mbele. Upande mwingine, kazi niliyoiota tangu chuoni, kutengeneza mifumo ya hospitali nyingi, kujifunza kila siku. Lakini ningehamia Dar, na kila mradi ungenipeleka mkoa wake. Nikampigia kaka mmoja niliyesoma naye, aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo. Hakunificha. Akasema, "Kule hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Watakuuliza uko kwenye mradi gani. Mradi ukiisha unakaa benchi bila kazi, na ukikaa benchi sana unaitwa ofisini kuagwa. Lakini kama unataka kukua, nenda."

Mama yangu alipokuja kutoka Bukiriro kututembelea, akasema mbele ya sisi wote, "Mwana wanje, mwanangu, nenda. Neema nitakulelea mpaka utulie."

Na mume wangu? Alicheka kidogo, akasema, "Ng'ombe hawahamii Dar. Lakini mimi sikuzuii, Mama Neema. Tumwulize Mungu."

Nilimpenda sana kwa neno lile. Nilijisemea, nimepata mume!

Wiki ile Lusahunga kulikuwa na mkutano wa injili, pale karibu na malori yanapopumzika. Alikuja mtumishi mgeni, hatukuwa tunamjua. Sospeter ndiye aliyesema twende. Tukaenda na Neema, tukaketi katikati ya watu. Mahubiri yalipokwisha, yule mtumishi akafumba macho, akaanza kuita.

"Yupo mama hapa. Mama Neema! Mama Neema, simama!"

Nikasimama.

"Naona jengo refu la vioo. Wamekuita kazini. Ni kazi ya kompyuta. Lakini naona jeneza dogo! Naona jeneza dogo linashushwa kutoka kwenye gari jeupe! Bwana anasema, usiende!"

Ndugu zangu, nilianguka! Picha ya lile jengo la vioo, ofisi ya kampuni ile, ilikuwa kwenye simu yangu. Jina la mtoto wangu, kazi yangu, mambo ambayo sikumwambia yeye wala mwenyeji wake! Ni nani angemwambia kama si Mungu? Watu wakapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi nikamwandikia Zuhura kwamba sitakuja. Nilimaliza kuandika, nikafunga kompyuta, nikasema, mtoto wangu amepona.

Kumbe utumwa ndio ulikuwa unaanza.

Mtumishi hakusema jeneza litakuja lini. Hakusema likija linafutwaje. Basi nililibeba kila mahali. Neema akikohoa mara moja, mimi jasho. Na magari meupe, jamani! Hebu hesabuni wenyewe magari meupe yanayopita barabara yetu kwenda Rusumo. La hospitali ni jeupe. La mradi ni jeupe. Nikiliona linapunguza mwendo, namshika mtoto, naingia naye ndani, nafunga mlango. Nilimtoa kwenye shule ya awali kwa sababu gari la shule lilikuwa jeupe. Kazini nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, sioni kilichoandikwa. Niliomba, nikafunga, nikakonda. Mliniuliza, "Dada Editha, unaumwa?" Nikawajibu, "Ni uchovu tu."

Sospeter alikuwa ananitazama. Alikuwa ananitazama tu, halafu anatoka kwenda zizini.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi mchana, tunapukuchua mahindi, vumbi limetanda uani. Neema akaanza kubanwa na kifua. Nikampa dawa yake ya kuvuta, haikusaidia. Nikampa tena. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Sospeter akambeba tukakimbia zahanati. Nesi akafanya alichoweza, kisha akasema, "Mkimbizeni mjini. Hapa oksijeni sina."

Mwalimu mmoja, jirani yetu, alikuwa anapita na gari lake. Nesi akalisimamisha. Mlango ukafunguliwa.

Gari lilikuwa jeupe.

Wapendwa, sitaki kujipamba mbele yenu. Nilimpokonya baba yake mtoto, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nikapiga kelele, "Humu hapandi! Niitieni bodaboda! Humu hapandi!"

Nesi akasema, "Mama, kwa pikipiki na vumbi hili hafiki!"

Nikasema, "Mungu aliniambia! Hapandi!"

Mtoto alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayeburuta kitu kizito sakafuni. Mwalimu yuko kwenye usukani, hajui afanye nini. Ndipo nikamwona mume wangu, mwanaume ambaye sijawahi kumwona analia hata alipomzika baba yake, anapiga magoti kwenye changarawe.

"Mama Neema, panda. Si Mungu aliyesema. Ni mimi."

Nikasema, "Nini?"

"Nilimwambia mimi yule mtumishi! Jina lako, kazi yako, jengo, yote nilimwambia mimi! Panda, mtoto anakufa!"

Ndugu zangu, kuna mshtuko unaokuangusha, na kuna mshtuko unaokusimamisha. Sijui nani alinisukuma. Nilijikuta ndani ya gari, Neema mapajani, Sospeter mbele, gari linakimbia. Sikuweza kumtazama. Hata kuomba sikuweza kama tulivyozoea kuomba. Nilisema neno moja tu njia nzima, "Mungu, sasa sema Wewe. Sasa sema Wewe."

Tulipofika, wenzangu wa hospitali walinipokea mtoto mikononi. Wakamwekea oksijeni, wakampa dawa ya mvuke, wakamchoma sindano. Nikakaa sakafuni nje ya mlango. Baadaye daktari akatoka akasema, "Mngechelewa kidogo tu, Editha, tungekuwa tunazungumza mengine." Jua lilikuwa halijazama Neema alipofumbua macho akaomba uji. Haleluya! Aliomba uji, tena wenye sukari!

Kesho yake asubuhi, Sospeter na mimi tuliketi kwenye benchi la wodi. Nikamwambia, "Sema yote."

Akasema, "Nilimfuata kabla ya mkutano. Nikamwomba akuambie tu kwamba usiende, kwa ajili ya mtoto. Jeneza sikumpa mimi. Gari jeupe sikumpa mimi. Alipotamka jeneza nami niligutuka. Nilitaka kusimama nikanushe, nikaona aibu ya watu wote wale."

"Na miezi yote hii ukiniona nakauka?"

"Kila siku nilisema nitakuambia kesho."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba hutaki niende?"

Akasema, "Nilishasema sikuzuii, tena mbele ya mama yako. Niliogopa, Editha. Niliogopa utakuwa mtu mkubwa, uje hapa likizo, ukae kwenye kigoda changu kama mgeni."

Nilikasirika! Sitawadanganya kwamba nilisamehe palepale kwenye benchi. Neema alipotoka hospitali nilimchukua tukaenda Bukiriro kwa mama, na Sospeter alikaa peke yake na ng'ombe wake. Alikuja kunifuata. Nikamrudisha. Alikuja tena na Mchungaji wetu, na Mchungaji akaanza kwa kuniomba msamaha yeye mwenyewe, kwa sababu naye alishangilia unabii ule bila kuupima.

Mchungaji akaniambia nitamke maneno yale ya Lusahunga, yote, kwa sauti, mbele ya mume wangu na mama yangu. Nilipofika kwenye neno jeneza ulimi ulikataa. Mume wangu akanishika mkono, akalitamka yeye, akasema, "Hilo nililileta mimi ndani ya nyumba yetu. Mungu wangu, ulitoe." Wapendwa, nililia mpaka kichwa kikauma. Nilipomaliza kulia, ile hofu haikuwepo! Niliitafuta kama mtu anayetafuta jino lililong'oka, ulimi unapapasa, hakuna kitu! Tukarudi Bisibo pamoja. Neema amerudi shule.

Mtauliza, na ile kazi? Nilimpigia dada Zuhura nikamweleza. Akasema nafasi ile ilishachukuliwa na mtu mwingine. Ikipatikana nyingine atanikumbuka. Mpaka leo hajapiga. Akipiga, mume wangu na mimi tutaipima kazi hiyo mezani, kwa midomo yetu wenyewe, na kuomba tutaomba pamoja. Ameshaniambia ukweli kwamba bado anaogopa. Nami nimemwambia ukweli kwamba bado naitaka.

Wengine husimama hapa kushuhudia kwamba wamepata kazi. Mimi nashuhudia nikiwa nimeikosa. Lakini mtoto wangu anapumua! Na nalala usiku! Namshukuru Mungu aliyenyamaza wanadamu walipokuwa wanasema kwa jina lake, kisha akanitetea saa ile ambayo kila sekunde ilikuwa na thamani.

Ndugu yangu, kama kuna neno la kutisha uliloambiwa na mtu, na umelibeba kama neno la Mungu, lipime. Mungu tunayemwamini hahitaji kumtia mama hofu ya jeneza ili amwongoze njia. Na kama wewe ndiwe uliyelipeleka neno hilo kwa mtumishi, usingoje mtoto abanwe ndipo useme. Mwamini Yesu leo. Ukweli hautakuua.

Sospeter yuko hapa, benchi la tatu. Aliniruhusu niseme haya yote. Lakini hili ninalolifanya sasa sikumwambia. Baba Neema, simama, njoo tusimame pamoja hapa mbele.

Anakuja. Mpisheni apite. Na wewe uliyeguswa, mfuate nyuma yake, tuombe.