Kanda Iliyotoka kwa Duncan

Benchi la Mbwana muuza kahawa, hapa Kona ya Musa, Ukunda, halikosi watu watatu: Mbwana mwenyewe na birika lake, mimi Boga fundi redio, na Alfani tunayemwita Balozi, maana alibeba mizigo ya watalii Diani mpaka akaona dunia nzima anaijua. Asubuhi hiyo ya mwaka 1998 utingo wa basi alituachia kanda iliyofungwa kwa gazeti, imeandikwa “Mbodze, Ukunda”. Akasema imetoka bara, imepita mikono ya watu wanne. Hatukuuliza aliyeituma ni nani; tulijua. Mbodze, binti wa hapa hapa, na Duncan, mtoto wa mpishi wa hoteli aliyekuja kutoka bara, walikuwa wakikaa kibarazani kwangu kila Jumamosi, Duncan na gitaa, Mbodze na sauti yake, wakitunga nyimbo. Mwaka uliotangulia zikazuka fujo, watu wa bara wakafukuzwa, na Duncan akaondoka na wazazi wake.

— Hiyo ni posa, akasema Balozi. Vijana wa sasa hawatumi wazee, wanatuma kanda.

— Posa bila mshenga? Mbwana akacheka. Huyo anaaga. Keshapata mwengine huko kwao.

— Kuaga gani kwa kanda ya dakika tisini! akasema Balozi. Mtoto keshakuwa msanii mkubwa. Atakuja hapa na gari jeupe, bendi nzima iko nyuma.

— Wallahi hujui kitu, akaapa Mbwana, keshasahau habari ya kuaga. Amesilimu! Humo mna shahada yake, ili babake Mbodze aisikie kwa masikio yake.

Nami sikukubali kuachwa.

— Yuko Ujerumani, nikawaambia. Kanda aina hii naijua, haiuzwi Kenya hii.

— Si utingo amesema imetoka bara? Mbwana akauliza.

— Imepitishwa bara ili mpotee njia. Na mmepotea.

Tulikuwa bado tunabishana Mbodze alipofika. Ana miaka kumi na saba, na hatembei kwa woga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimeambiwa nina kanda hapa. Mjomba Boga, niwekee.

Nikaiweka. Likaja gitaa, zuri, halafu likalegea, likawa linapiga polepole kama linamngoja mtu. Likapanda tena, likalegea tena. Salamu hakuna, jina hakuna. Mpaka mwisho Duncan hakutoa neno.

— Masikini, amekuwa bubu! akasema Balozi.

— Si bubu, Mbodze akajibu. Ameniachia nafasi. Rudisha mwanzo.

Gitaa lilipolegea, akaimba. Ulikuwa ule wimbo wao wa kibarazani. Nilikuwa nikiusikia kila Jumamosi, na kila mara ulikuwa ukikatikia ubeti wa kwanza, kwa sababu wa pili walikuwa hawajautunga. Mbodze akaumaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili bila kusita. Kumbe mwaka mzima alikuwa akiutunga peke yake. Wanawake waliokuwa wakichagua nyanya ng’ambo ya barabara wakageuka. Mbwana alishika kikombe, asimpe mtu.

Alipomaliza, Balozi akasimama.

— Boga, irekodi sauti hiyo leo hii! Irudi kwake, imfikie!

— Imfikie wapi? Mbodze akauliza.

Balozi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mbwana.

— Bara, akasema Balozi.

— Bara wapi?

Mbwana akakiweka kikombe chini.

— Kitanda cha kina Duncan nilikipandisha lorini kwa mikono yangu hii, akasema. Mamake akanishukuru. Sikumuuliza wanakwenda wapi.

Mbodze akaitoa kanda kwenye redio, akaifunga tena kwa lile gazeti lake.

— Babake alipika hotelini miaka tisa, akasema. Pale hapatakosa aliyemuuliza wanakwenda wapi.

Akashika njia ya Diani kwa miguu. Sisi watatu tukabaki benchini, na kahawa ilikuwa bado imejaa birika.