Thelathini na Nne za Akosita

Jamani, kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Pisila, kijiji chetu hujakijua, umekipita tu. Lile benchi zamani lilikuwa la kanisani. Likavunjika mguu siku ya ubatizo, mchungaji akaona halimfai, Pisila akaona linamfaa, akaliegemeza kwa jiwe la tumbawe chini ya dirisha la duka lake, lile la nondo. Asubuhi watoto wakishaingia shuleni, pale ng'ambo ya barabara, birika la kahawa linatoka na wenyewe wanatoka. Kuna Breki, aliyeendesha basi miaka ishirini na mbili, basi lenyewe likisimama pale linapopenda lenyewe. Kuna Kinanda wa kwaya, mtu wa sauti nne na masikio mawili mabovu. Kuna Pisila anayemimina. Na kuna Lesieli, wanayemwita Meja kwa sababu huyo mama haombi, anaamuru. Akicheka, nguruwe wa barabara nzima wanakimbilia mihogoni. Lakini Jumatano ile alikuja hacheki, kajifunga mkeka wake wa kiunoni, ule mzuri wa kuendea misibani na kwa wakubwa.

— Thelathini na nne! — akasema hata kabla hajakaa. — Thelathini na nne kwa mia! Akosita wangu, mtoto wa kaka yangu!

— Hiyo si maksi, Meja, — Breki akasema. — Hiyo ni joto la maiti.

— Wewe cheka tu.

— Sicheki, nasikitika kwa sauti. Somo gani?

— Sanaa! Kuchora!

Kinanda akaweka kikombe chini.

— Kwani kuchora nako watu wanafeli? Si unachora tu, ukimaliza umemaliza?

— Ndiyo maana nimekuja! Nataka twende wote kwa mwalimu mkuu saa ya mapumziko. Ujumbe mzima! Breki utasema, Kinanda utaitikia, Pisila utalia kidogo.

— Mi silii bila kuambiwa sababu, — Pisila akasema, akamimina.

— Sababu ni kuonewa! Nyie si mlikuja kwenye maonyesho? Si mliiona kazi ya mtoto? Ngatu nzuri namna ile, kitambaa cha magome kimekaa kama cha kutandikia jeneza la chifu, nakshi zimelala mstari, rangi imekolea! Watu hawakupiga makofi?

— Walipiga, — Kinanda akakubali, akaanza kukitazama kikombe chake kama kina samaki.

— Mimi Kelepi wangu kapata sabini na moja, — Breki akachomekea, polepole, lakini kahakikisha kila mtu kasikia.

Lesieli akamgeukia na mwili mzima.

— Kelepi? Yule mjukuu wako? Kwa kile kikuku?

— Kuku.

— Kuku wa miguu mitatu, Breki!

— Ule wa tatu ni mkia.

— Mkia una kucha?

— Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi ile ndiyo kamba.

Hapo hata Pisila alicheka mpaka kahawa ikamwagikia nondo za dirisha. Lesieli naye kicheko kilimfika kooni, kikagoma, kikarudi chini. Maana yeye alikuwa anajua, jamani. Alikuwa anajua tangu asubuhi, tangu juzi, na ndiyo maana alikuwa anapiga kelele.

— Sabini na moja kazipataje? — akauliza.

— Si ile karatasi, — Breki akasema. — Karatasi ya matarajio, waliyoleta mwanzo wa muhula. Mlezi asome, atie sahihi. Mimi nilisoma, sikuwa na kazi, basi lilikuwa limesimama lenyewe. Inasema hivi: daftari la majaribio, maksi thelathini. Bidii darasani, ishirini. Mtoto kusimama na kueleza kazi yake, ishirini. Kazi yenyewe, thelathini.

— Daftari la majaribio ndiyo nini?

— Humo mtoto anaweka makosa yake. Yote. Na asifute.

— Makosa yanapewa maksi? — Kinanda akaruka. — Basi kwaya yangu ingekuwa ya kwanza duniani!

— Kelepi kachora kuku arobaini na moja, kila mmoja mgonjwa kivyake. Halafu kasimama mbele ya ticha kaeleza: huyu alinishinda shingo, huyu alinishinda mdomo, huyu wa mwisho nimemkubali na mguu wake. Ticha kafurahi!

Lesieli alikuwa ametia sahihi karatasi kama hiyo. Kaka yake yuko Australia anachuma matunda, mlezi ni yeye. Aliiweka gotini huku anamenya magimbi, akaandika jina lake, akafutia mkono humo humo.

— Haya, tuyaache ya kuku, — akasema. — Niambieni huyu Mwalimu Havili wa sanaa ana nini na sisi.

Na benchi likafanya kazi yake.

— Ni raga, — Kinanda akaanza. — Kwao si kule Kolovai tuliwafunga mwaka juzi? Maji yakimwagika hayazoleki. Analipiza.

— Wewe, mechi ya mwaka juzi aje amlipize binti wa miaka kumi na minne? — Pisila akasema. — Mimi nadhani hakupelekewa chakula. Mwalimu wa hesabu alipata nguruwe mzima, huyu wa sanaa kapata nini? Papai. Mkono mtupu haulambwi.

— Si yeye anayesahihisha, — Breki akashusha sauti, akatazama huku na huku. — Ni mashine. Wanapiga picha, wanapeleka New Zealand, kuna mashine kule inatazama, inarudisha namba.

— Na mashine ya kule imelelewa na kondoo! — Kinanda akadaka. — Imezoea vyeupe. Ikiona hudhurungi inasema tope. Weka thelathini na nne!

— Endeleeni, — Lesieli akasema. — Hapo pana kitu.

— Au ticha anapima kwa mizani! — Breki kanoga sasa, kasimama kabisa. — Nawaambieni! Huyu si mwalimu wa sanaa, huyu alikuwa kocha, wakamtupia sanaa kwa sababu ratiba ilikuwa na tundu. Hajui kizuri wala kibaya, anaweka daftari kwenye mizani ya samaki. La Kelepi liliangukia ndoo ya rangi, likanenepa kilo mbili. Sabini na moja! La Akosita mtoto msafi, daftari kavu. Mvumilivu hula mbivu, lakini mwenye ndoo hula zote!

— Ndiyo! — Lesieli akapiga goti. — Ndiyo, hilo tutamwambia mkuu!

Lakini alipotazama, Breki alikuwa amekaa, anapuliza kahawa. Kahawa yenyewe imepoa zamani. Kinanda anakwangua gome la benchi ambalo halina gome. Pisila anafuta kikombe kilichokwisha kukauka. Na Lesieli akaona jambo. Tangu amekaa, watu watatu hawa, wambea wa kuzaliwa, hawajauliza lile swali moja la mwanzo kabisa: kwani ile ngatu alitengeneza Akosita?

Hawakuuliza kwa sababu walikuwa wanajua. Nani kijijini hajui mkono wa Lesieli? Ile mistari yake ya pembeni, mizito, inavyopinda kama mtu anayegombeza. Walipiga makofi kwenye maonyesho wakijua. Raga, nguruwe, mashine, mizani, yote hayo walikuwa wanamfunika nayo, kama unavyomfunika mgeni aliyelewa kwenu.

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya maonyesho Lesieli aliingia nyumbani kwa kaka yake, akakuta kitambaa cha mtoto kimening'inia, katikati peupe, vijistari viwili vitatu vya makaa. Moyo ukamlipuka. Kitu nusu uchi kama hicho, kanisa zima lije likione, watu waseme kwa kina fulani hawana wanawake? Kwetu ngatu haitoki nje haijaisha, wala haimaliziwi na mtu mmoja. Akawaita wenzake watatu wa kundi la kutengeneza ngatu. Wakakilaza kitambaa juu ya ubao wa nakshi, wakasugua rangi, wakapaka, wakaimba, wakala. Jioni kikawa kimeisha. Akosita alirudi kutoka shule akasimama mlangoni na begi lake mgongoni.

— Umeona? — Lesieli alimwambia. — Ulikuwa ufa, tumeziba.

— Ndiyo, shangazi. Asante.

Angesema nini kingine? Neno la shangazi kwetu ndiyo neno la nyumba. Hata baba mtu hunyamaza. Kisha mwalimu akamsimamisha darasani: Akosita, nieleze, ulianzaje? Mtoto akatazama vidole vya miguu. Aseme nini? Aseme shangazi yangu kaniharibia? Akanyamaza. Sifuri ya kueleza. Na kazi yenyewe, kwa vile haifanani hata kidogo na daftari lake, sifuri. Mwalimu si mtu mbaya, kampa mpaka Ijumaa: sema ni mkono wa nani, nikupe kitambaa kingine uanze. La sivyo, ukiwa chini ya hamsini sanaa huendelei nayo, mwakani unaenda darasa la cherehani.

Na Akosita alimwambia shangazi yake nini? Hakulia, hakununa. Alisema huku anaosha vyombo:

— Nitabaki na hizo hizo thelathini na nne, shangazi. Usijali.

Usijali! Angemtukana ingekuwa nafuu.

Sasa pale mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa kisiwani Eua, anangoja basi, kikapu cha magimbi miguuni. Pisila alishampa kahawa yake, akawa anasikiliza tu kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya wenyewe.

— Samahanini, — akasema. — Mimi mpita njia. Huyo binti alichora nini?

— Si tumesema, mama, — Kinanda akajibu haraka, kafurahi kupata la kusema. — Ngatu. Ina nyota pembeni, ina majani, katikati kuna njiwa wawili, halafu ukingo mweusi.

— Njiwa wa ubaoni? Ule ubao wa kina mama?

Kinanda akafumba mdomo.

— Maana njiwa hao nawajua, hata kwetu wapo, — yule mama akaendelea, hana ubaya, anakunywa kahawa yake. — Na hao hutolewa na ubao, si na mkono wa mtoto. Ndiyo nauliza. Mkono wake yeye, kabla ya ubao. Alikuwa anachora nini?

Hebu fikiria. Benchi lenye jibu la raga, jibu la nguruwe, jibu la kondoo wa New Zealand. Breki akamtazama Kinanda. Kinanda akamtazama Pisila. Pisila akatazama ndani ya birika.

— Alichora... — Lesieli akaanza kwa sauti yake ya Meja, halafu sauti ikamwacha njiani.

Akajaribu kukumbuka. Palikuwa na mstari mrefu. Ulipinda? Ulikuwa upande wa kulia. Au mgongo wa mtu? Mtu ameinama? Kulikuwa na kitu kama mkono, au ilikuwa ni mto, au ilikuwa ni barabara ya kwenda uwanja wa ndege siku baba wa Akosita alipoondoka. Wanawake wanne waliinamia kile kitambaa mchana kutwa, macho manane, na Lesieli akaona wazi kwamba hakuna hata jicho moja lililotazama.

— Sijui, — akasema.

Neno hilo halijawahi kusikika kutoka kwenye kinywa kile. Breki baadaye alisema alidhani ni mtu mwingine kaongea.

— Hukumuuliza? — yule mama akasema.

— Nilichukua tambara bichi nikavifuta vijistari vyake. — Lesieli akawa anatazama mikono yake, kucha bado zina rangi ya gome. — Nilidhani ni uchafu.

Basi likaja, likampakia mama wa Eua na magimbi yake, akasema kwaherini, wakamjibu mmoja mmoja. Vumbi likatua. Ng'ambo ya barabara kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamwagika uwanjani kwa sare zao, na Lesieli, aliyekuja kwa nguvu zote, akainamisha uso kama aliyeitwa yeye.

— Pengine mwalimu mwenyewe... — Breki akajaribu.

— Breki, — Pisila akasema, akampokonya kikombe.

Lesieli akasimama. Akafungua mkeka wa kiunoni, akaufunga upya, vizuri, kwa adabu, kama mtu anayekwenda kwa mkubwa wake. Kinanda naye akajiinua, akakohoa, akasema:

— Tunakuja, Meja. Si ulisema ujumbe?

— Kaeni tu.

— Na kwa mkuu utasema nini?

— Siendi kwa mkuu.

Akavuka barabara peke yake. Pale langoni watoto walimpisha, maana wanamjua. Wakamwona anapita ofisi, anapita darasa la Mwalimu Havili, hasimami, anaelekea kule kwenye kivuli cha tangi la maji ambako wasichana hukaa. Akosita akamwona, akaruka wima kwa heshima, mikono mbele. Lesieli akamfanyia ishara akae. Halafu, jamani, mbele ya shule nzima, mama yule na mkeka wake wa misibani akaketi chini, kwenye vumbi, chini zaidi ya mtoto.

Kutoka benchini hawakusikia alichouliza. Walimwona tu Akosita anamtazama shangazi yake. Kisha akaokota kijiti, akainama, akaanza kuchora chini.