Tairi Alilolitoboa Radi

Marehemu, ambaye mtaa mzima tulimwita Radi, alikufa kwa mkono wa mdogo wake wa tumbo moja. Baba mdogo aliomba ratiba ya mazishi iandikwe "ajali kazini", na mdogo huyo asitajwe kabisa miongoni mwa wafiwa. Mjane amekataa, na dada wa marehemu, anayeusoma wasifu huu, amekataa pia. Kwa hiyo yatasomwa yote, na mwenye kuondoka aondoke.

Radi alizaliwa tarehe 3 Machi 1969, mtoto wa pili kati ya watatu, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magunia. Mkunga alisema alitoka amekunja ngumi. Huenda alisema tu kumchekesha mama, lakini ngumi hizo tulikuja kuzijua sote.

Shule ya msingi aliimaliza kwa mbinde mwaka 1983, akiwa amefukuzwa mara mbili na kurudishwa. Mara ya pili ni kwa sababu ya kiranja aliyemzaba kofi mdogo wake kwa kuchelewa mstarini. Radi alimng'oa kiranja jino mbele ya walimu. Kiranja yupo hapa leo, amevaa suti ya kijivu, na jino ni la bandia.

Mwaka 1986 aliingia gereji kufagia, akatoka fundi wa breki na magurudumu. Magari makuukuu ndiyo yaliyokuwa yake. Hakutaka kusimuliwa ubovu. Aliufuata barabarani, mwenye gari akiendesha na yeye kando yake. "Kanyaga breki," alikuwa akisema. "Ukitikisika mikono, tunatazama mbele. Ukitikisika makalio, tunatazama nyuma." Kelele aliisikiliza mbali na mtikisiko, kwa maana hakuna kilichomuudhi kama mtu kuchanganya kelele na mtetemo akidhani ni ugonjwa mmoja. Sauti ikibadilika pale lami inapobadilika, alishuku tairi. Isipobadilika, alishuku beringi. Aliyembishia sana aliambulia spana ya mgongo. Mwaka 1999 alimvunja mkono muuza matairi aliyechonga upya tairi lililokwisha na kuliuza kama zima. Alifungwa miezi sita, akatoka amenenepa na hajajuta.

Mkewe ni mshonaji. Mwaka 1995 alivuka barabara kumlalamikia kwamba nyundo yake inamrukisha sindano ya cherehani. Radi alimjibu ovyo. Mshonaji akamzaba kofi lililosikika mpaka dukani kwake, na Radi, kwa mara ya kwanza maishani, hakurudisha. Walioana tarehe 14 Desemba 1996. Nyumbani alivunja vikombe, meza na mlango mmoja. Mtu hakumvunja, na mjane anashuhudia.

Ugonjwa hakuujua. Jumamosi ya tarehe 8 mwezi huu, asubuhi, mdogo wake alimletea gari lake la zamani, mkewe na watoto watatu wakiwa wameshavaa nguo za harusini. Alisema akifunga breki usukani unatikisika, na chini kuna mngurumo. Fundi mwingine alikuwa ameshazichonga diski za breki, na mtikisiko ulikuwa bado upo. Familia ikashuka, ndugu wawili wakalizungusha gari barabarani. Waliporudi, Radi alikuwa amefura.

"Diski zilikuwa mbovu, sawa," alisema. "Lakini hili linatikisika hata hujagusa breki. Na huo mngurumo ni tairi la mbele kushoto, matabaka yake yameachana ndani. Gari haliondoki."

"Kaka, tumeshachelewa. Nikirudi tutalitazama."

"Likipasuka kwenye mwendo, utarudi na nani?"

"Usiniombee mabaya mbele ya wanangu. Nipe ufunguo."

Radi alimpa ufunguo. Kisha akachukua tindo na nyundo, akalitoboa lile tairi ubavuni mpaka tindo ikazama. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu na spana ya magurudumu. Alimpiga nayo kichwani. Radi akaanguka, mdogo wake akampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka mafundi walipomwangusha. Watoto waliona yote. Damu ilitambaa chini ya gari ikachanganyika na oili, na yule mtoto wa mwisho alikuwa akilia apanguswe viatu vyake.

Radi aliishi mpaka Jumanne. Jumapili alizinduka, akauliza kama tairi limefunguliwa. Mafundi wenzake walimweleza: nyaya za ndani zimekatika, na pana uvimbe wa kujaa kiganja. Mkewe akamwambia kwamba polisi wamemchukua mdogo wake.

"Angelitoboa yeye la kwangu," alisema, "ningempiga zaidi."

Baada ya hapo hakusema neno la kueleweka.

Jana vijana wetu waliyapiga mawe madirisha ya nyumba ya mdogo huyo, watoto wakiwa ndani. Ni watoto walewale ambao marehemu aliwafia. Ni aibu yetu, na tunaisema mbele ya kaburi ili isirudiwe.

Radi ameacha mjane, mabinti wawili, dada na baba mdogo. Ameacha shemeji na watoto watatu, wazima wote, waliosimama pale getini kwa kuogopa kusogea. Wasogee; baada ya mjane, udongo unaofuata ni wao. Na ameacha mdogo wake mmoja, aliyemuua, aliye mahabusu. Bado hajaambiwa tairi lilikutwaje. Dada yake atakwenda kumwambia kesho.

Mungu ampumzishe Radi, na ugomvi atuachie sisi.