Mama Hakukimbia, Alikwenda Kupika

Bwana asifiwe! Asifiwe, ndugu zangu, hata kwa vinywa vya sisi ambao sauti imekauka kwa kulia. Mimi ni Kavira, wa hapa hapa Kimemi, mjini Butembo. Mnanijua katika kundi la wamama, na wengine mnanijua kwa kelele, maana nikianza kusema sijui kufunga. Leo nitajaribu kwenda polepole. Mama yangu ameketi pale kwenye benchi ya nyuma. Amekataa kupanda huku mbele, amesema niende peke yangu na yeye atasikiliza.

Ndugu zangu, Noeli ya nyumba yetu ilikuwa mateso! Sisi watoto tumetawanyika, mmoja Kasindi mpakani, wengine Butembo, lakini sikukuu ikifika lazima wote turudi kijijini kwa Mama, upande wa Beni, kule kwenye mashamba ya kakao. Na kwetu hakuna anayepanga sikukuu kabla mtoto wa kwanza hajasema. Ni desturi, sibishani nayo. Shida ni kwamba mtoto wetu wa kwanza ni kaka yetu mkubwa, yaya Mumbere! Ukimuuliza mapema anakujibu, "Lakini Kavira, Noeli iko mbali, tutaona." Ukimuuliza ikiwa imekaribia, ni tutaona vilevile. Neno lake lilitoka wakati mji wote uko njiani. Fundi wa nguo hapokei tena kitenge, kuku wazuri wamekwisha sokoni, watoto wanalilia nguo za Bonané, za mwaka mpya, na sisi tunabanana juu ya pikipiki na masufuria yetu, tukipita njia ambayo kila mtu anaiogopa. Tulifika tumechoka na tumenuniana. Mama alitupokea akicheka, jiko lake likiwaka tangu asubuhi.

Kisha adui, wale waasi wa msituni, wakaanza kusogea. Walichinja watu mashambani, wakachoma nyumba katika vijiji vya jirani. Mama alikimbia, akarudi, akakimbia tena. Kule Beni alilala chini katika darasa la shule pamoja na watu wasiohesabika, akaitwa déplacée, yaani mkimbizi, akapanga mstari ili apewe unga, yeye ambaye maisha yake yote alilisha watu! Aliporudi kijijini aliapa kwamba hatakimbia tena. Tulimwita, tukamlilia, tukamtuma mchungaji. Alikataa. Mimi niliishi na simu mkononi, na kila ilipolia, moyo wangu ulikufa kidogo.

Sasa sikieni jinsi Mungu alivyopitia mlango mdogo. Mwaka jana kiongozi wetu wa wamama alitufundisha kuandaa Noeli mapema, isitukute kama mwizi. Alisema tuweke maharagwe wakati wa mavuno, tushone nguo za watoto kabla ya msongamano, na kila jamaa ijue mapema nani anakwenda kwa nani. Sikuwaza wokovu wowote, ndugu zangu, nisiwadanganye. Nilitaka tu kichwa changu kipumzike. Nikaomba, kisha nikampelekea yaya Mumbere kuku aliyepikwa vizuri, maana mtoto wa kwanza husikia vema akiwa anakula. Nikamwambia safari hii Noeli ifanyike kwangu Butembo, na Mama aje mapema kuongoza jiko. Alitafuna, akasema, "Sawa. Ikuwe kwako." Ilikuwa bado mwezi wa tisa! Nilidhani anaumwa.

Tulimfuata Mama mvua zilipopungua. Sikumwambia akimbie. Nilimwambia nina watu wengi, maharagwe ni mengi, na sijui kupika kwa sufuria kubwa kama yeye. Hilo la mwisho ni kweli, mume wangu ni shahidi. Mama akatazama jiko lake. Yeye alilelewa hivi: wakati wa Noeli jiko la mama halipoi, maana jiko baridi ni nyumba iliyokufa.

"Na moto yangu?" akauliza. "Nani atabakia nayo?"

Hapo jirani yake, Mama Kahindo, akaitika kutoka uani. Walilima pamoja na kuzaa pamoja, na walikimbia pamoja. Akasema, "Enda tu, Mama Mumbere. Mimi njo nitawasha moto yako kila siku. Enda ukapikie batoto."

Mama akafunga kitenge kizuri, akapanda pikipiki kichwa juu. Watu waliokuwa njiani walimuuliza kama anakimbia. Akawajibu kwa sauti kubwa, "Mimi hapana kimbia! Niko naenda kupika!"

Ndugu zangu, kabla ya Noeli adui waliingia kijijini kwetu. Tulikuwa uani hapa Kimemi tunachagua maharagwe, Mama anatuchekesha, simu ikalia. Waliua watu. Walichoma nyumba, na ya Mama ilikuwa mojawapo. Na Mama Kahindo walimkuta ndani ya jiko la Mama, ameinama anapuliza moto.

Mama hakulia. Aliendelea kuchagua maharagwe, moja moja, mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema, "Kifo yangu njo yeye alikufa." Juu ya hilo hajaongeza neno mpaka leo.

Mtaniuliza, Kavira, ushuhuda uko wapi hapo? Nami niliuliza! Nilimkasirikia Mungu. Watu walikuja kunipongeza, wakasema Bwana amemwokoa mama yako, nikatamani kuwafukuza. Ni kweli amemwokoa, na ninashukuru, ninashukuru kwa machozi. Lakini sitasimama hapa na kusema Mungu alimpenda Mama yangu kuliko Mama Kahindo. Ninachojua ni kwamba Mungu alitumia sufuria kumtoa mtu ambaye mahubiri yalishindwa kumtoa, na alitumia mwanamke mmoja kumwambia enda tu. Huyo mwanamke hakuiona Noeli.

Ndugu zangu, mwezi wa tisa umefika tena. Kila mmoja wenu ana mtu kule, mzazi au shangazi, anayesema hatakimbia. Msingoje yaya Mumbere wenu aseme tutaona! Mpangieni kazi mapema. Mwambieni kuna mtoto atakayebatizwa, mwambieni maharagwe yanamngoja, mpeni sababu ya kutoka akiwa na heshima yake. Na jirani yake mwiteni pia. Hilo sisi hatukulifikiri. Mtumainini Bwana, njia zake zinapita hata jikoni.

Mwaka huu nilimuuliza Mama tumwite nani kwanza kwenye Noeli. Alijibu, "Kahindo." Tulimtafuta huyo Kahindo, binti wa marehemu jirani yake, tukampata katika kambi ya wakimbizi, na sasa ndiye yule aliyeketi pembeni ya Mama pale nyuma. Leo alfajiri, kabla ya kuja kanisani, niliwakuta wote wawili jikoni kwangu. Mama alikuwa amepanga kuni, kisha akasogea, akamwachia Kahindo nafasi apulize. Wasingya, asante, Bwana. Moto uliwaka.