Mkono wa Kulia wa Refa

Mtaani Mowlem, pale lami inapoishia na vumbi la uwanja kuanza, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Wenyewe wanaliita baze. Nyuma yake kuna kibanda cha Wakoli, fundi wa simu na redio, ambaye kila mtu humwita Daktari kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kifaa chochote kimekufa. Ng'ambo ya njia, mlangoni pa duka lake la mabati, Kaluki hushona nguo, na kwa kuwa ulimi wake huingia hata mahali pasipo na tundu, jina lake ni Sindano. Kimeu aliwahi kugombea kiti cha wadi akapata kura arobaini na moja. Ni Mheshimiwa hadi leo. Abdiqadir hufika saa tisa na birika la kahawa ya tangawizi juu ya makaa, na likiisha anaenda zake. Katikati ya benchi, upande wa tofali, hukaa Wahome, mzee wa miaka hamsini na tisa, aliyechezesha kila mechi ya maana katika uwanja ule kwa miaka ishirini na miwili. Jina lake halisi linajulikana na mkewe na hospitali. Wengine wote humwita Refa.

Ijumaa hiyo Refa alikuwa na jambo. Mwaka uliopita alipatikana na saratani ya koo. Alichomwa kwa mionzi wiki saba, pamoja na dawa za mshipani, mpaka mate yakamkauka na ndevu za upande wa kulia zikakataa kuota tena. Ugonjwa wa kooni ukaisha. Lakini picha iliyopigwa miezi mitatu baadaye ilionyesha tezi moja shingoni, kuliani, bado imevimba. Huenda ni kovu tu, daktari wa upasuaji alisema, na huenda ndani yake kuna kitu kingali hai. Hakuna wa kujua mpaka itolewe, yenyewe na tezi za jirani. Tena isicheleweshwe, maana ngozi iliyochomwa huzidi kuwa ngumu. Nafasi yake ilikuwa Jumanne. Kabla ya saa kumi na moja jioni alitakiwa kumpigia Sista Annah, muuguzi wa wodi, na kusema kama atakuja, la sivyo nafasi apewe mgonjwa mwingine. Asubuhi mkewe, Wacera, alimwambia, "Usipopiga wewe, nitapiga mimi." Ndipo Refa akachukua simu zote mbili za nyumbani, akaja nazo baze.

Kisu hakikumtisha. Alishaona sindano na mashine za kutosha. Kilichomkosesha usingizi ni sentensi moja ya daktari: mshipa wa fahamu unaoinua bega hupita katikati ya tezi hizo, na hata ukiachwa mzima huguswaguswa, kwa hiyo mkono wa kulia unaweza kugoma kupanda juu ya bega. Kwa muda, labda. Au zaidi ya muda.

— Refa, niaje? Mbona umekalia simu mbili kama dalali wa mashamba? Kimeu aliuliza, akisogea ili tofali lisiteleze.

— Ni salama, Mheshimiwa. Wanataka kunipasua shingo Jumanne.

Abdiqadir akamimina kahawa bila kuulizwa. Halafu wote wakaanza kuongea kwa pamoja, na Refa akatabasamu ndani ya kikombe chake. Mwaka mzima wa kuumwa ulikuwa umemfundisha kwamba mtu akikutisha kuhusu ugonjwa wako, mara nyingi ni yeye aliyeogopa na anatafuta pa kuiweka hofu yake.

— Shingo? Kimeu alisema. Hapo buda, kugeuka kumeisha. Binamu yangu alipasuliwa shingo. Sasa akiitwa anageuka mwili mzima, kama lori la taka likitafuta njia ya kuingia jalala la Dandora. Wewe utaonaje mshika kibendera?

— Binamu yako alianguka kutoka kwa paa, Kaluki alipaza sauti kutoka ng'ambo. Usichanganye mambo.

— Lakini shingo ni shingo, Sindano!

— Wameniambia itakaza, Refa alisema. Nitafanya mazoezi ya kuigeuza polepole, kila siku.

Wakoli alitoka kibandani na kitu cha kuchomelea waya mkononi, na miwani kichwani.

— Wacheni niwaeleze kitaalamu. Shingo ni kama boksi ya stima ya ploti. Waya zote za nyumba zinapita hapo. Fundi akikosea akaunganisha ya bega na ya sikio, umekwisha. Unataka kuinua mkono, sikio ndilo linapanda.

— Wallahi?

— Abdiqadir, mimi nimefungua redio elfu tatu.

— Na ngapi ziliimba tena? Kaluki aliuliza.

— Hiyo ni hesabu nyingine.

Refa alijigusa chini ya sikio. Hakuna wa kuunganisha chochote na sikio, alijua. Alichoambiwa ni kwamba sikio na ngozi ya shingo vitakuwa na ganzi, pengine moja kwa moja, kwa hiyo awe mwangalifu na wembe na vitu vya moto. Alitaka kulisema hilo, lakini Kimeu alishafika mbali.

— Nimesikia wanakuachia mrija shingoni. Ni ukweli?

— Ni ukweli. Unatoa maji ya kidonda, unayatia kwenye kichupa. Siku chache tu, kisha wanauchomoa.

— Usikubali wauchomoe! Kimeu akasimama, na upande wa pili wa benchi ukashuka. Ingia uwanjani nao! Mchezaji akibishana, unaangalia kichupa, unatingisha kidogo, unasema VAR, ile video ya marefa, imekataa. Nani atabishana na mashine inayotoka shingoni mwa mtu?

Hata Abdiqadir, ambaye hucheka kwa mabega tu, alicheka kwa sauti. Refa alicheka mpaka koo lake kavu likamshika, akanywa maji kutoka kwa chupa ndogo ambayo siku hizi haimtoki mfukoni.

— Mnacheka, alisema alipotulia. Mimi shida yangu ni mkono.

Akawaeleza kuhusu ule mshipa wa bega. Aliongea taratibu, akiangalia uwanja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyemkatiza.

— Fainali ya mashindano ni wiki nne zijazo, alimaliza. Refa asiyeweza kuinua mkono ni mtu mwenye kipenga tu. Mchezaji akifanya unyama, kadi nyekundu utaitoa hapa? Akaonyesha usawa wa kitovu. Kama unamwonyesha kitambulisho? Ndio maana sijampigia Sista.

Kaluki aliacha cherehani. Alivuka njia na futi ya kupimia shingoni, akasimama nyuma ya Refa, akampima bega hadi bega kana kwamba anajibu swali la mtu.

— Refa, hilo bega litashuka vidole viwili, labda vitatu. Nimeshonea watu wa hivyo. Shati naweka sponji ndani, hakuna atakayejua. Na mkono nao si kazi. Nitakushonea kamba ndani ya mkono wa jezi, ipite mgongoni, itokee kiunoni. Unavuta na kushoto, kulia kunapanda. Kama pazia.

— Na akivuta sana? Wakoli aliuliza.

— Atakuwa anaita teksi.

— Kamba ni mambo ya zamani, Wakoli alisema. Mimi nitamwekea kadi kwenye kijiti cha kupigia picha za simu. Mita moja na nusu. Ina kitufe. Bonyeza, inafunguka! Itaonekana mpaka Njiru.

— Si atumie tu mkono wa kushoto? Kimeu aliuliza.

Abdiqadir alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona adabu ikiondoka duniani.

— Mkono wa kushoto haumpi mtu kitu, Mheshimiwa.

— Lakini kadi nyekundu si zawadi!

Abdiqadir alifikiri. Makaa yalilia kidogo chini ya birika.

— Hapo umesema. Basi nyekundu, kushoto kabisa. Inaifaa. Lakini ya njano ni nasaha. Nasaha inatolewa kwa mkono wa kulia.

— Kwa hiyo Refa awe na mifuko miwili? Wakoli aliuliza.

— Mitatu, Kaluki alisema. Kuna ule wa chupa ya maji.

Wakaanza kubishana ni upande gani mfuko wa njano ukae, na kama nasaha inaweza kutolewa kutoka mfuko wa nyuma bila kumkosea mtu heshima. Refa alitazama saa. Saa kumi na dakika ishirini. Simu zote mbili zilikuwa kimya mapajani mwake.

Wakati huo alikuja mwanamke kijana mwenye hijabu nyeusi na viatu vya mpira, karatasi mkononi. Hakuna aliyemjua.

— Asalaam aleikum. Habari zenu wazee. Naitwa Sagal, kocha wa timu ya wasichana ya Njiru. Nimeambiwa fomu za mashindano naleta kwa Refa.

— Ni huyu, Kimeu alisema. Lakini umefika wakati mbaya, dada. Anapasuliwa shingo baada ya saratani, mkono hautapanda, na bila mkono hakuna kadi nyekundu. Tuko kwa kikao.

Sagal alimpa Refa pole kwa mikono miwili, akasikiliza habari ya kamba, ya kijiti na ya kushoto. Alionekana mtu wa kupenda kuelewa jambo kabla ya kulisemea.

— Samahani, mzee, akasema mwishowe. Kadi nyekundu ya mwisho ulimpa nani?

Refa alipapasa mfuko wa shati.

— Yule kipa wa Dandora! Kimeu alirukia. Aliyemng'ata beki wake mwenyewe!

— Alipewa ya njano, Kaluki alisema. Akatumwa akamnunulie beki soda.

— Basi yule aliyemrushia mshika kibendera kiatu.

— Huyo Refa alimwambia akatafute kiatu chake kwanza. Kilikuwa kimeingia kwa mtaro. Alipokipata mechi imeisha.

— Kuna siku shabiki aliingia uwanjani na rungu, Wakoli alisema.

— Shabiki ni wewe, Daktari. Na haikuwa rungu, ilikuwa eriali.

— Nilipewa kadi?

— Ulipewa kiti.

Kimeu alihesabu kwa vidole, akafika cha tatu, akairudisha mikono magotini. Abdiqadir aliangalia juu kana kwamba jibu limeandikwa kwenye nyaya za stima. Miaka ishirini na miwili, na baze nzima, yenye jibu kwa kila kitu tangu saa tisa, haikuwa na hata jina moja.

— Hebu toa hizo kadi, Kaluki alisema.

Refa alizitoa mfuko wa shati. Ya njano ilikuwa imelika pembe zote nne, imepindana, rangi yake imefifia kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Nyekundu ilikuwa inang'aa. Kaluki aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua ionekane na wote.

— Maajabu! Hii bado iko na nailoni yake!

Refa aliitazama kama mtu anayeonyeshwa picha yake ya utotoni. Hakuwahi kuamua kutoitumia. Kila mechi aliibeba, na mara nyingi mkono ulishaingia mfukoni. Kisha angeuona uso wa kijana mbele yake, jasho na vumbi na hasira ambayo tayari imeanza kujuta, naye angejiambia ampe dakika tano nyingine. Hizo dakika tano zilikuwa zimefika miaka ishirini na miwili bila yeye kujua.

Alianza kucheka polepole, halafu akashindwa kujizuia. Alicheka akiwa ameshika shingo, upande uleule, na Kaluki akampigapiga mgongo huku akimpa maji. Alipopata pumzi alichukua simu moja, akapiga. Ilikuwa imewahi kupita mikononi mwa Wakoli, kwa hiyo ilijua kuongea kwa spika peke yake.

— Sista Annah? Ni Wahome. Jumanne nakuja.

— Vizuri sana, mzee, sauti ilisikika mpaka ng'ambo ya njia. Mkeo amepiga tayari kwa simu ya jirani, lakini nilitaka kusikia kutoka kwako. Uingie Jumatatu mchana. Uko na swali lolote?

— Mkono wa kulia, Sista. Utafika wapi?

— Mwanzoni, hapo kwa bega. Fiziotherapia tutakuanzisha mapema, na ukifanya mazoezi kila siku utapanda. Kuna wanaorudi kabisa, kuna wanaobaki chini kidogo. Kukuahidi siwezi.

— Muulize kuhusu VAR! Kimeu alinong'ona, na mnong'ono wa Mheshimiwa huwafikia wapiga kura wote. Muulize kama mrija unaweza kubaki!

Refa alimgeukia. Kwa mkono wa kulia alichukua ile kadi ya njano iliyochakaa, akaipandisha taratibu, ikafika usawa wa bega lake, akaiacha hapo.

— Umeiona, Mheshimiwa?

Kimeu aliweka mikono nyuma ya mgongo, kama wanavyofanya vijana uwanjani.

— Nimeiona, Refa.

— Hapo panatosha, Sista, Refa alisema kwenye simu.

— Panatosha nini, mzee?

Lakini hakuna aliyebaki wa kumjibu. Benchi lilikuwa limeteleza kutoka kwa tofali na wote wako chini wakicheka, Sagal ameshika fomu yake juu isipate vumbi, na Abdiqadir, aliyesimama peke yake, ameliinamisha birika lote juu ya kikombe cha Refa, akingoja tone la mwisho lijitenge.