Risala ya Wazee wa Suhi Breg: Nedko Abaki Nyumbani

Mgeni rasmi, Naibu Waziri wa Ustawi. Meya wetu uliyemleta. Nanyi majirani mlioupanda mlima huu kwa miguu au kwa magongo:

KARIBU

Karibu Suhi Breg, mheshimiwa. Tuko kumi na tisa. Mdogo wetu ana miaka sabini na mmoja. Huyo ndiye tunayemtuma dukani. Tunaona unaitazama meza. Ina maji tu. Sababu utaisikia, usikasirike kwanza.

TULIKOTOKA

Kwa miaka minne serikali ilimlipa Mladenka atuhudumie majumbani. Kila asubuhi alianzia kwa Grozdana, mwenye miaka themanini na minne, ambaye magoti yalikuwa yamemsusa, na mwanawe Nedko, ambaye hajatembea tangu azaliwe. Alimwosha Nedko, akamweka kitini, akawasha jiko, akamtukana paka, kisha akaenda nyumba ya pili. Hayo ndiyo mafanikio yetu. Mengine hatuna.

KOSA LETU

Majani yalipoanza kupukutika alikuja mkaguzi, mtu mpole, na fomu zake, kuangalia nani bado anahitaji msaada. Sisi tulisikia neno moja tu: mgeni. Kwetu huku mwanamke hapokei mgeni akiwa amelala, wala hasemi kwamba chakula kimepikwa na jirani. Basi tukamvika Grozdana kitambaa chake cha sikukuu, tukamkalisha kitini kwa mito miwili, tukapika mkate wa jibini tukauweka mbele yake.

"Bibi, nani kapika?"

"Mimi, mwanangu. Unamwona mpishi mwingine hapa? Kula, umekonda kama kamba."

"Na maji unateka mwenyewe?"

"Kisimani na kurudi, tena naimba."

Kisima hakuwa amekiona miaka sita. Sisi tulikuwa nyuma ya mlango, tumejiziba midomo kwa aproni tusicheke. Mkaguzi akala vipande vitatu, akaandika: anajimudu.

YALIYOTUPATA

Barua ikaja, Mladenka akaondolewa. Naye ana watoto. Akaenda Italia kuogesha bibi za watu.

Januari, Grozdana alijaribu kumwinua Nedko peke yake. Akaanguka, na Nedko juu yake. Nedko aliita siku mbili. Mheshimiwa, majirani zake ni sisi, na sisi ni viziwi. Theluji ilipokatika ndipo tukaona dohani lao halitoi moshi. Tulimkuta Nedko sakafuni kando ya mama yake, amemfunika kwa koti. Kulishusha lile koti msumarini, alituambia, kulimchukua asubuhi nzima. Mama alikuwa ameshapoa.

OMBI

Tuliandika mengi, tukayafuta. Limebaki moja. Jumanne gari linakuja kumchukua Nedko kumpeleka makao ya wasiojiweza mjini. Hataki. Ana miaka hamsini na miwili, yuko hapo mbele yako, mwenye koti la bluu. Anataka nyumba yake, paka wake, na mtu wa kumwinua. Mladenka kasema kwenye simu, "Niiteni tu, mama zangu, nitapanda basi siku hiyohiyo." Tunaomba gari lisije, aje Mladenka, na serikali imlipe kama zamani. Tumemfundisha Nedko kusema "siwezi" mbele ya wakaguzi. Ni mtoto wa mama yake, neno halimtoki.

Sasa turudi kwenye meza. Mkate upo, mheshimiwa, uko jikoni chini ya taulo. Tuliogopa kwamba ukila utaandika tunajimudu. Ukishatujibu tutauleta, hata ukitujibu vibaya, maana mgeni ni mgeni. Ila ukiuliza nani kaupika, leo tutasema kweli: kaupika mke wa kasisi wa kijiji cha pili. Mikono yetu haikandi tena.

Mungu akupe uzee mrefu, na mtu wa kukufungulia mlango kila asubuhi.

Ni sisi,
Wazee wa Suhi Breg

Imesomwa na Velichka, aliyeishia darasa la nne, kwa miwani ya marehemu Grozdana.